Mtoto anapewa mchuzi, dagaa wanabaki sufuriani

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Ujiji, nina watoto watatu. Huyu wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya. Kliniki wameniambia mstari wake kwenye kadi umelala, miezi mitatu hajaongezeka hata robo kilo, wakasema nimpe mlo kamili. Nyumbani chakula hakikosekani: ugali wa muhogo, dagaa, maharage, matembele, mawese. Jirani ananiambia hicho ni chakula cha shida, ninunue unga wa lishe wenye vitu kumi na mbili. Mume wangu naye amekutwa na presha, akaambiwa aache mawese, basi nimeyatoa jikoni kabisa, sasa napikia mafuta meupe ya kupima dukani. Halafu ziwa likifungwa dagaa wanapanda bei mpaka nashindwa. Nifanye nini? Naogopa nimemkosea mwanangu."

Marahaba, mama. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Hujamkosea mtoto. Umemnyonyesha mpaka leo, umempeleka kliniki, umeona mstari umelala ukauliza. Na hivyo vyakula ulivyovitaja, ningekuja jikoni kwako leo nisingeondoa hata kimoja. Ningeongeza yai na tunda, papai au embe kwa msimu wake, na yale mawese ningeyarudisha mahali pake. Jirani yako anakutakia mema, lakini hapo amekosea.

Nikiisoma barua yako naona maswali mawili: je, chakula chetu cha Kigoma kinatosha kumkuza mtoto, na kikiadimika nishike wapi? Yote nitayajibu. Ila kuna swali la tatu ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo la kwanza. Katika chakula hicho chote kinachoingia sufuriani, ni kipi hasa kinaingia tumboni mwa mtoto?

Katika kazi hii nimekaa jikoni na akina mama wengi, Kibirizi, Gungu, Mwandiga, na mara nyingi naomba jambo moja tu: mpakulie mtoto kama unavyompakulia siku zote, mimi nitazame. Mama mmoja alikuwa amepika dagaa wazuri sana, wa nyanya na vitunguu. Akachota mchuzi, akaumwagia kwenye matonge mawili ya ugali, akaponda kwa vidole mpaka ukalainika. Kisha akaokota dagaa wawili, akawakata vichwa, akawatoa miba kwa uangalifu mkubwa ili mtoto asikwame, na nyama iliyobaki ingeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Bakuli lilikuwa jekundu na linanukia dagaa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtoto amekula dagaa. Mtoto alikuwa amekula ugali uliotiwa rangi. Dagaa wenyewe walienda mezani kwa wakubwa.

Simlaumu, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Lakini tuangalie kinachotokea. Protini ya dagaa haiyeyuki ikahamia kwenye mchuzi, inabaki ndani ya nyama. Madini ya kalisiamu yanayojenga mifupa na meno yamo kwenye ile miba tunayoitupa. Madini ya chuma na zinki yamo kwenye samaki mzima. Kinachohamia kwenye mchuzi ni ladha, chumvi na mafuta kidogo. Supu ya maharage ni hivyo hivyo: mtoto anayekunywa maji ya maharage amekosa maharage. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, wakati kilo nzima ya unga wa muhogo haina protini inayofika hata gramu ishirini. Ukimpa ugali na mchuzi, tumbo linajaa, mtoto analala, na mwili unakosa cha kujengea.

Tena tumbo lenyewe ni dogo. Mtoto wa kilo nane au tisa, tumbo lake linabeba kiasi cha robo lita tu kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja cha chai. Ukilijaza kwa uji mwepesi unaotiririka, umelijaza maji. Uji wa mtoto wa umri huu unatakiwa ukichotwa kwa kijiko ukae, usidondoke wenyewe kama mvua. Na kwa kuwa kikombe ni kidogo, ajazwe mara nyingi: milo mitatu hadi minne kwa siku, katikati kitu kidogo mara moja au mbili, ndizi mbivu, kipande cha papai, kiazi kilichopondwa, na ziwa la mama liendelee mpaka atimize miaka miwili na hata zaidi.

Kama unadhani tatizo hili ni la wasio na chakula, angalia nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo ghala zake za mahindi zinalisha wengine. Ghala linaweza kujaa, bakuli la mtoto likabaki na kitu kimoja.

Sasa twende kwenye dagaa wenyewe. Nunua wakavu, uwatandaze kwenye ungo uwachague mchanga na uchafu. Ukiweza, wapate waliokaushwa juu ya vichanja, maana waliotandazwa mchangani wanakuja na mchanga usioisha hata ukiosha mara nne. Kama wana chumvi, waloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu uyamwage. Waoshe, waanike tena mpaka wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwenye sufuria juu ya moto mdogo, ukigeuza, mpaka ukimshika mmoja anavunjika katikati kwa sauti. Vichwa ukipenda viondoe kwa sababu ya uchungu. Miba iache. Twanga kwenye kinu, chekecha, kinachobaki juu ya chekeche rudisha kinuni. Utapata unga laini usio na mwiba wa kumkwama mtoto. Vijiko viwili vya chakula vya unga huo vinampa mtoto wako karibu nusu ya protini anayohitaji kwa siku. Tia vijiko viwili kwenye mlo wa mchana, viwili jioni, kwenye uji mzito, kwenye ndizi za kupondwa, kwenye maharage. Uweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mahali pakavu, na utwange wa wiki mbili tu kila mara, kwa sababu mafuta ya samaki yakikaa wazi yanachacha, na mtoto anayajua kabla yako.

Kuhusu muhogo nina neno, na ni zito kidogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ndiyo maana wazee wetu waliuvundika majini siku kadhaa kisha wakaukausha. Hawakufanya hivyo kwa kuongeza kazi. Tatizo linakuja kwenye unga wa haraka haraka, uliomenywa leo ukaanikwa leo. Mwili una njia ya kuiondoa sumu hiyo ikiwa kidogo, lakini kwa kazi hiyo unatumia salfa inayotoka kwenye protini. Kwa hiyo mtoto anayekula muhogo usioandaliwa vizuri, bila samaki wala maharage, anapata hasara mara mbili: sumu inaingia, na ile protini kidogo aliyonayo inatumika kuifukuza badala ya kumkuza. Kama unanunua unga sokoni na hujui ulivyoandaliwa, fanya hivi: changanya unga na maji mpaka uwe tope, utandaze kwenye sinia uwe mwembamba, uache kivulini saa tano ndipo usonge ugali wake siku hiyo hiyo. Sumu inatoka kama hewa. Kwa mtoto huyu ningependa pia uchanganye, leo muhogo, kesho mahindi, keshokutwa ndizi au viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Kisamvu nacho kitwangwe kweli na kichemke kwa muda bila mfuniko.

Mawese. Hapa nakuomba unisome polepole, kwa sababu maneno yanayozunguka mtaani yamechanganya mambo mawili. Ule wekundu wa mawese ni karotini, na mwili wa mtoto unaugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho, ngozi na kuta za utumbo na mapafu zisipitishe maradhi. Matembele na mchicha nayo yana karotini, lakini bila mafuta sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Ukipika matembele na kijiko cha mawese umempa mtoto karotini mara mbili pamoja na mafuta ya kuisafirisha, tena umemwongezea nguvu katika lile tumbo dogo. Sisi tulio kwenye mkoa wa michikichi, ambako hata kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinahangaika kutupatia miche bora, tumepewa kitu ambacho wengine wanakinunua kwenye vidonge. Kosa letu ni kuyachoma. Mama anaweka mawese kwenye kikaango mpaka yanatoa moshi na yanageuka meupe ndipo anatia vitunguu. Wekundu ukipotea, vitamini imepotea. Yapashe moto tu, yasifike kwenye moshi.

Na hayo mafuta meupe uliyoyakimbilia? Mengi ya mafuta ya bei nafuu yanayopimwa kwenye vidumu ni mawese yale yale yaliyoletwa kutoka Malaysia au Indonesia na kusafishwa kiwandani. Huenda umebakisha mafuta yaliyomtisha mume wako na kuondoa wekundu uliokuwa unamsaidia mtoto. Mafuta ya viwandani yenye nembo ya kurutubishwa yameongezwa vitamini A, hayo ni sawa, ila ya kupima huwezi kujua.

Kwa mume wako sitasema mawese hayana neno. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya ile aina inayopandisha lehemu kwenye damu, na mtu mwenye presha hahitaji mishipa inayozibwa. Lakini mawese siyo yanayompandisha presha moja kwa moja. Chumvi ndiyo adui wake mkubwa, na kwa familia za mwambao huu inaingia kwa njia ya migebuka ya chumvi, dagaa wa chumvi, na ile ya kuongeza mezani. Mtu mzima kwa siku nzima, kwenye vyakula vyote, asizidishe kijiko kimoja cha chai. Basi pika sufuria moja kwa mafuta kidogo ya alizeti au karanga na chumvi ya kuhesabu, halafu kijiko kimoja cha chai cha mawese yaliyopashwa moto ukitie kwenye bakuli la mtoto pekee, wakati wa kupakua. Kama daktari amempima baba lehemu akamkataza mawese, asiyaguse. Na vidonge vya presha asiviache kwa sababu amebadilisha mafuta.

Unga wa vitu kumi na mbili usiununue. Najua unavyouzwa, na najua mama anavyojisikia akiupeleka nyumbani, kama ametimiza wajibu. Lakini ukivichanganya vitu vingi hivyo, kila kimoja kinahitaji moto wake: soya isiyoiva sawasawa inazuia protini isimeng'enywe, mahindi yanaiva mapema. Karanga kwenye unga zinachacha haraka. Na kibaya zaidi, karanga na mahindi yaliyoshika unyevu yanaota ukungu wenye sumukuvu, na vikishasagwa pamoja huwezi tena kuona punje mbovu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi. Saga ulezi peke yake au mahindi peke yake, pika uji, halafu viongezwe kwenye bakuli: leo unga wa dagaa, kesho karanga ulizozichagua mwenyewe kwa macho ukatupa zilizosinyaa na zenye rangi, siku nyingine yai. Mtoto anapata mchanganyiko, na wewe unajua kila kilichoingia.

Kufungwa kwa ziwa kunaniuma kama kunavyokuuma wewe, lakini sitakuambia ni jambo baya. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanganyika ilipumzishwa kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, lakini maji ya chini hayana hewa, kwa hiyo samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Rutuba imelala chini. Upepo wa kusi unapovuma miezi hiyo ya kiangazi unayakoroga maji, rutuba inapanda, vijimea na vijidudu vinavyoliwa na dagaa vinaongezeka. Joto la maji likizidi kupanda, kama lilivyofanya kwa miaka mingi sasa, mchanganyiko huo unadhoofika na chakula cha dagaa kinapungua. Tukiongezea kokoro na nyavu za macho madogo zinazokomba dagaa wachanga, tunakula mbegu. Dagaa anaishi muda mfupi na anazaa mapema, hivyo hata miezi mitatu ya kupumzika ina maana kwake. Ukikuta sokoni fungu la vidagaa vyembamba kama uzi, vipite. Hilo nalo ni lishe ya mtoto wako, ya mwakani.

Sasa hesabu. Vijiko vinne kwa siku ni kama gramu 25. Kwa siku 90 ni kilo mbili na robo. Ukinunua kilo tatu za dagaa wakavu, ukatoa vichwa na takataka, umemaliza miezi yote mitatu ya mtoto. Nunua kabla ziwa halijafungwa, kwenye giza, wavuvi wanapotoka na taa zao na dagaa wanapokuwa wengi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapungua na bei inapanda. Waweke wazima, siyo unga, kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, uwaanike tena juani kila baada ya wiki mbili tatu. Hao ni wa mtoto. Mume wako, wewe na wakubwa mle maharage.

Maharage ya Kasulu na Buhigwe yanashuka mjini kila siku, na mimi nayaheshimu sana. Yana protini na madini ya chuma, ingawa chuma chake kinafungwa na vitu vilivyomo kwenye ganda, hakiingii mwilini kirahisi kama cha samaki. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yapike yaive kabisa, yaponde, ya mtoto yachekeche maganda. Mkamulie limao au mpe chungwa au papai baada ya mlo, tindikali ya matunda inakifungua kile chuma. Na dagaa hata kijiko kimoja ndani ya maharage kinasaidia chuma cha maharage kuingia. Lakini chai ya rangi na chakula, tafadhali, acha kwa mtoto. Chai inakifunga chuma tena, na nimeona watoto wengi hapa mjini ambao mlo wao wa asubuhi ni chai na andazi.

Yote haya yanahusu mtoto ambaye tatizo lake ni bakuli. Miezi mitatu bila kuongezeka inaweza pia kuwa na kitu kingine ndani, na mimi kwa maandishi siwezi kumshika mkono. Kwa hiyo usingoje chakula kifanye kazi kwanza. Wiki hii mrudishe kituoni, uende na kadi, uombe apimwe malaria, wingi wa damu, minyoo, na maambukizi ya VVU na kifua kikuu kama hajapimwa. Waulize kama amepata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo katika miezi sita iliyopita. Waombe wampime urefu na mzingo wa mkono, siyo uzito peke yake. Utepe ukisoma chini ya sentimita 12.5 anahitaji mpango wa matibabu ya utapiamlo. Chini ya 11.5 ni hatari, asirudi nyumbani bila matibabu.

Na usisubiri hata hiyo wiki ukiona miguu yote miwili imevimba na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, au anakataa kila chakula na ziwa pia, anatapika kila anachokula, anaharisha na macho yameingia ndani, viganja vimekuwa vyeupe, ana homa, au amelegea hachezi. Hapo mfunge mgongoni uende, hata kama ni usiku.

Kama hakuna hayo, anza kesho na bakuli lake mwenyewe, asile kwenye sinia la pamoja na kaka zake, kwa sababu huko hutajua amekula matonge mangapi. Kaa naye, mlishe taratibu, akikataa pumzika ujaribu tena. Baada ya siku 30 apimwe kwenye mizani ile ile. Ukiona mstari umeanza kuinuka hata kidogo, endelea hivyo hivyo. Ukiwa bado umelala, muombe muuguzi akuandikie rufaa kwa afisa lishe wa wilaya, umpelekee pia hesabu ya vile vijiko.